Kabla Kamera Haijaingia Mtaani: Kuyatafiti Maisha ya Vijana kwa Ajili ya Filamu ya Makala

Filamu ya makala kuhusu vijana wa rika la balehe husimama au huanguka kabla kamera haijawashwa. Mtazamaji huona saa moja ya picha, lakini haioni miezi ya kuuliza, kusikiliza, kuomba ruhusa na kukataliwa iliyotangulia, na ni katika miezi hiyo ndipo huamuliwa nani ataonekana, atasema nini, na ni kipi katika maisha yake kitabaki siri ya nyumba yao. Utafiti huu una ugumu wake wa pekee. Anayetafitiwa kwa kawaida ni mtoto kwa mujibu wa sheria, yuko chini ya mamlaka ya watu wazima ambao si lazima wawe na nia moja naye, na filamu ikishatoka ataendelea kuishi katika mtaa uleule ulioonyeshwa. Mtazamaji wa mbali atamsahau baada ya wiki moja. Mwenye duka, mwalimu wa nidhamu, shemeji na wenzake anaokutana nao bombani hawatamsahau, na kila sentensi aliyoisema itamrudia kupitia kwao.

Tuchukue mfano wa mtu anayetaka kutengeneza filamu kuhusu vijana wa miaka 13 hadi 18 wa mtaa mmoja wa Mbagala, wilayani Temeke, kusini mwa Dar es Salaam kandokando ya barabara ya Kilwa. Mkoa mzima ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022, na Mbagala ni miongoni mwa sehemu zake zenye msongamano mkubwa. Mambo nitakayoyaeleza yanaweza kuhamishiwa Kisauni ya Mombasa, Ng'ambo ya Zanzibar au Katoro ya Geita, mradi mtafiti ayapime upya kwa hali ya mahali alipo.

Fundo la kwanza ni umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kazi nyepesi tangu miaka 14. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliweka miaka 15 kuwa umri ambao msichana anaweza kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, vifungu ambavyo Mahakama Kuu ilivitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Kwa hiyo msichana mmoja wa miaka 16 anaweza kuwa mtoto mbele ya afisa ustawi wa jamii, kijana katika ripoti ya wizara, mfanyakazi katika jiko la watu na mke wa mtu, yote kwa wakati mmoja. Mtafiti asiyelijua hili ataandika neno "vijana" katika andiko lake na kudhani anazungumzia kundi moja. Mwanafunzi wa kidato cha pili, mvulana wa miaka 17 anayeendesha bodaboda bila leseni, na mama wa miaka 16 ambaye tangu waraka wa serikali wa Novemba 2021 ana ruhusa ya kurudi shuleni baada ya kujifungua, wanakaribiana umri, basi. Kila mmoja ana mtu tofauti wa kuombwa ruhusa, saa tofauti za kupatikana, na hatari yake mwenyewe ya kuonekana.

Vibali havihitaji maelezo marefu. Upigaji wa picha hupitia Bodi ya Filamu, utafiti wa kitaaluma na ule wa wageni hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, shule hufikiwa kupitia ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri na afisa elimu, na mtaani mtu huanza kwa mtendaji, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe. Hatari ya safari hii ya maofisini ni kwamba mtafiti aliyezunguka nayo wiki kadhaa na kurudi na karatasi zenye mihuri huanza kujiona amekwisha ruhusiwa, ilhali kati ya vijana wenyewe bado hajaulizwa hata mmoja.

Mtaani, kazi ya kwanza ni kuijua siku ya kijana saa kwa saa. Watengenezaji wengi hufika wakiwa na mada mkononi: mimba za utotoni, dawa za kulevya, kubeti, magenge. Wakishafika na mada, hutafuta kijana wa kuibeba, na anayepatikana huwa mfano wa tatizo badala ya mtu mwenye siku yake. Chukua suala la mimba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Idadi hiyo ni kubwa na inastahili kulikosesha taifa usingizi. Hata hivyo inamaanisha pia kwamba karibu wasichana wanne kati ya watano wa umri huo hawakuwa wamewahi kupata ujauzito, na filamu inayojiita ya wasichana wa Mbagala huku ikiwaacha hao nje imewasahau walio wengi. Tena haitaweza kueleza hata habari za huyo mmoja, kwa sababu mambo yaliyomfikisha hapo yalianza katika siku za kawaida ambazo mtafiti hakuziangalia.

Siku hizo zina mengi ya kusema. Mtafiti akisimama jioni katika kituo cha Rangi Tatu, au katika kituo chochote cha njiani wakati shule zinatoka, ataona kundi la sare limesimama mbele ya mlango wa daladala huku konda akipakia watu wazima kwanza, akiingiza wanafunzi wawili au watatu, kisha akigonga bodi gari liondoke. Nauli ya mwanafunzi kwa muda mrefu imekuwa shilingi 200, chini kabisa ya ile ya mtu mzima, na konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari usiku; kila kiti kilichokaliwa na sare ni pesa iliyopungua katika hesabu hiyo. Hivyo mwanafunzi anaweza kusubiri hadi giza liingie. Akifika nyumbani amechelewa anagombezwa, asubuhi akichelewa anaadhibiwa getini, na katikati ya hayo yupo mwenye bodaboda anayesema, "Panda tu, utanilipa siku nyingine." Msichana anayeikubali lifti hiyo mara kwa mara anaingia katika deni ambalo hakuna aliyemwandikia. Mtafiti aliyeanza na mada ya mimba angemuuliza msichana huyo kuhusu wavulana na maadili, akapata majibu ya maadili. Aliyeanza na siku yake atamuuliza, "Shule inatoka saa ngapi, na wewe unafika nyumbani saa ngapi?" Katika pengo la kati ya saa hizo mbili mna filamu nzima, ikiwamo uchumi wa daladala, umbali wa shule za kata, adhabu za uchelewaji na jinsi watu wazima wanavyouona mwili wa mtoto aliyevaa sare.

Kwa sababu hiyo ratiba ya utafiti lazima ifuate kalenda ya vijana. Kuna shule za Dar es Salaam zenye watoto wanaoingia asubuhi na wanaoingia mchana. Wapo wanaotoka darasani kwenda madrasa, wengine tuisheni, wengine moja kwa moja kwenye genge la mama kuuza nyanya. Mwezi wa Ramadhani hugeuza saa zote za mtaa wenye Waislamu wengi kama Mbagala. Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, na kumwomba mtoto mahojiano wiki hizo ni kumkosea. Likizo za Juni na Desemba huonekana kama fursa, kumbe wengi wamepelekwa kwa bibi mkoani, na waliobaki mara nyingi ni wale ambao hawana pa kupelekwa au wana kazi. Kila msimu humwonyesha mtafiti kundi tofauti, na anayekuja msimu mmoja tu ni vizuri aseme wazi ndani ya filamu yake kwamba ameuona mtaa wa msimu huo.

Swali linalofuata, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote ya kitaalamu, ni nani anayepatikana kirahisi na nani hapatikani. Mwaka 1964 televisheni ya Granada ya Uingereza ilitengeneza Seven Up!, filamu iliyowahoji watoto 14 wenye umri wa miaka saba. Michael Apted alikuwa mtafiti aliyeshiriki kuwachagua, na baadaye ndiye aliyewarudia kila baada ya miaka saba. Kati ya watoto hao 14, wasichana walikuwa wanne tu. Uamuzi uliofanywa katika hatua ya utafiti, kwa haraka na bila mtu kuona ubaya wake, uliufunga mradi huo kwa zaidi ya miaka 50: wanawake wa nchi ile walipokuwa wakibadilisha maisha yao ya kazi, ndoa na elimu, kamera ilikuwa na wanne tu wa kuwauliza.

Mbagala inaweza kumtega mtafiti vivyo hivyo. Wavulana wanaonekana: wako kwenye kijiwe cha bodaboda, uwanjani, kwenye kibanda umiza mechi ikichezwa, kwenye baraza la duka. Mgeni akikaa nao jioni chache atajaza daftari na kudhani ameufahamu mtaa. Wasichana wa umri huohuo wako ndani wanaosha vyombo, wanalea wadogo zao, wako kwa fundi cherehani, saluni, kwaya au madrasa, na muda wao wa kuzungumza bila kazi mkononi ni mfupi. Wasioonekana kabisa ni wasichana wa kazi walioletwa kutoka mikoani, ambao huenda hawana ndugu hata mmoja katika mtaa huo na hutoka nje kwa kutumwa tu. Kuwafikia hao kunahitaji mtafiti mwanamke, subira, na ruhusa ya mwenye nyumba ambaye mwenyewe anaweza kuwa sehemu ya habari isiyopendeza. Pengine utafiti utaishia kuamua kwamba msichana huyo asipigwe picha kabisa, kwa sababu hana pa kwenda akifukuzwa. Uamuzi wa namna hiyo ni matokeo halali ya utafiti, na mfadhili anayelipia filamu anapaswa kuelezwa hivyo tangu mwanzo.

Njia moja ya kupunguza upofu huu ni kuwapa wavulana na wasichana, kila kundi peke yake, karatasi kubwa na kalamu wauchore mtaa wao: wanapopita, wanapokaa, wanapopakwepa na saa wanazopakwepa. Ramani mbili za mtaa mmoja zikiwekwa pamoja huonyesha tofauti ambazo mahojiano ya ana kwa ana hayazitoi, kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kujieleza mwenyewe. Kichochoro ambacho wavulana wamekichora kama njia ya mkato kinaweza kuwa kimerukwa kabisa katika ramani ya wasichana, na hapo mtafiti anapata swali la kuuliza kwa upole.

Upo pia mtego unaoambatana na wenyeji wanaolipwa kuongoza watengenezaji filamu. Mwenyeji mwenye haraka humpeleka mgeni kwa vijana walewale waliokwisha kuhojiwa na mashirika, na vijana hao wamezoea. Wanazungumza kimradi: "changamoto", "kujitambua", "kutimiza ndoto zangu", na kisa chao kina mwanzo, maumivu na ushindi kama kilivyotakiwa katika semina ya mwisho. Sisemi kwamba wanadanganya. Wamejifunza ni maneno gani yanawafanya watu wazima wasikilize, na huo ni ujuzi wa kuheshimiwa. Lakini mtafiti anayetaka kujua maisha yao hana budi kuendelea kuja baada ya kisa hicho kuisha, azungumze nao kuhusu mpira, singeli, simu iliyovunjika kioo na mdogo wao anayesumbua, mpaka wasahau kujieleza.

Majina ambayo mtaa umepewa na wengine nayo yanahitaji uangalifu. Jina la Panya Road, walilopewa makundi ya vijana waporaji, lilivuma Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2015 na likarudi kwa nguvu mwaka 2022, kufuatia matukio ya uporaji yaliyoumiza watu wasio na hatia. Hofu ya wakazi ilikuwa ya kweli. Kilichofuata ni kwamba mvulana yeyote aliyekaa kijiweni usiku akaweza kuitwa hivyo. Filamu inayomwonyesha kijana wa miaka 15 chini ya jina hilo, hata kwa kumtetea, inamwachia alama ambayo mwajiri au askari wa baadaye ataisoma kwa namna yake.

Mtafiti atasikia pia mambo ambayo hakuyauliza. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takribani mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa hiyo anayeketi na vijana kumi na kupata imani yao hana budi kutegemea kwamba mmoja wao atamfungulia moyo. Tafiti za aina hiyo huandaliwa kwa tahadhari kubwa: wasichana na wavulana huhojiwa katika maeneo tofauti ili aliyedhuriwa na aliyemdhuru wasijikute wote wakihojiwa, na msaada hupangwa kabla ya swali la kwanza. Mtengenezaji filamu haruhusiwi kuwa na maandalizi hafifu kuliko hayo. Kabla ya kuanza anatakiwa amfahamu afisa ustawi wa jamii wa kata, ajue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko kituo gani, aijue namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, na awe ameamua atafanya nini mtoto akimwambia, "Usimwambie mtu." Ahadi ya siri isiyo na mipaka isitolewe. Ni bora kijana aambiwe mapema, kwa maneno mepesi, kwamba yote yatatunzwa isipokuwa yale yanayoonyesha kuwa yeye au mtoto mwingine yuko hatarini. Na kamera izimwe. Hakuna filamu inayostahili kurekodi mara ya kwanza mtoto anaposema jambo hilo.

Ridhaa ndiyo mahali ambapo desturi zetu na taratibu za kimaandishi hugongana. Fomu hutaka sahihi ya mzazi na ukubali wa mtoto. Katika nyumba nyingi za Mbagala baba yuko mkoa mwingine, mama anarudi usiku, na mwenye sauti ni bibi au mjomba. Mtafiti lazima aulize nani hasa anamlea kijana huyu, na si nani aliyekuwepo siku ile. Gumu zaidi ni kwamba mtoto aliyelelewa vizuri hakatai mbele ya wakubwa. Bibi akisema, "Huyu mjukuu wangu atawasaidia, hana neno," kijana ataitikia "ndiyo, bibi", na itikio hilo ni adabu. Haliwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Inabidi aulizwe tena akiwa peke yake, mahali pa wazi panapoonekana na watu, na mtu ambaye hana cheo kwake, kisha aachwe siku kadhaa kabla ya kujibu. Kukataa kwake mara nyingi hakuji kwa maneno. Atachelewa, simu itazimwa, ataumwa kichwa siku ya miadi, au atamtuma mdogo wake aseme hayupo. Mtafiti mwaminifu huyasoma hayo kama jibu kamili na kuacha kufuatilia, hata kama huyo ndiye aliyekuwa mhusika wake bora.

Ridhaa hiyo pia huzeeka. Anachokubali kijana wa miaka 15 akiwa na furaha ya kuonekana kwenye runinga si lazima akikubali akiwa na miaka 25, ana mchumba na anaomba kazi, huku kipande chake kikiendelea kuzunguka kwenye simu za watu. Ndiyo maana naona ridhaa iombwe angalau mara tatu: kabla ya utafiti, kabla ya kupiga picha, na baada ya kuona picha zilizochaguliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na daftari la mtafiti limo ndani ya sheria hiyo sawa na kompyuta ya benki. Majina yaandikwe mbali na maelezo, simu inayotunza sauti iwe na nywila, na picha za majaribio zisipite katika kundi la WhatsApp la watengenezaji, ambako hujihifadhi zenyewe kwenye simu za watu ambao kijana hajawahi kuwaona.

Kuhusu kuficha sura, wengi hudhani ukungu juu ya uso unatosha. Unaweza kumficha kwa mtazamaji wa Mwanza. Mtaani atatambuliwa kwa sauti, kwa ndala, kwa kanga iliyoanikwa nyuma yake, kwa mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu nusu, kwa mlio wa mashine ya kusaga iliyo jirani. Kama usalama wake unategemea kutotambuliwa, basi mahojiano yafanyike mbali na kwao, sauti isomwe na mtu mwingine, na mkasa wenyewe usiwe na alama ambayo mtaa unaijua. Jambo hili hupimwa wakati wa utafiti, kwa kumpa mtu wa palepale anayeaminika asikilize maelezo bila jina. Akimtaja mhusika, ulinzi huo haujakamilika.

Suala la fedha nalo lisifichwe. Kijana aliyeacha genge la mama yake saa tatu nzima amepoteza kipato, na kumrudishia nauli, chakula na muda wake ni haki. Malipo yawe sawa kwa wote, yajulikane na wazazi, na yasiongezeke kwa sababu kisa cha mmoja kinatoa machozi zaidi, maana bei ikifuata machozi, machozi yatazalishwa. Ahadi za ada na sare, ambazo hutolewa kwa huruma jioni ya mwisho, zinaumiza kuliko kutoahidi, na mara nyingi mtafiti aliyeajiriwa kwa miezi minne hana mamlaka ya kuzitimiza.

Uhariri ukifikia hatua ya mkato wa awali, vijana waliomo waoneshwe kwanza, kila mmoja peke yake au na anayemchagua, kabla ya mfadhili na kabla ya tamasha lolote. Tarehe ya mwisho ya kujitoa iwe imeandikwa kwenye karatasi waliyobaki nayo wenyewe, pamoja na namba ya simu itakayoendelea kupokewa baada ya timu kutawanyika. Kwenye karatasi hiyohiyo iandikwe picha ghafi zisizotumika zitatunzwa na nani, kwa muda gani, na nani ana ruhusa ya kuziuza. Saa nyingi za maisha yao zitabaki humo, nyingi kuliko zile zitakazoonekana kwenye filamu, na mtafiti ndiye aliyewaomba.